Mayi Kwanda: Miaka Yangu na Mafuta ya Shea Mjini Lamu

Kazi yangu ni kupamba maharusi hapa Lamu, na kwa miaka 16 sasa mikono yangu haijapata siku tatu mfululizo za kukaa mbali na maji. Asubuhi hukoroga hina, mchana husugua singo, yaani mchanganyiko wa kumsugulia bi harusi ngozi, jioni huosha vyombo vya kazi pamoja na vya nyumbani, na kila ninaponawa hutumia maji yetu ya visima, ambayo mengi hutoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela na ambayo, mvua zikikawia, huwa na chumvi isiyofichika hata ndani ya chai ya tangawizi. Kufikia mwaka wa tano wa kazi hiyo, ngozi ya katikati ya vidole vyangu ilikuwa imepasuka vijistari vinavyowasha, na viganja vilikuwa vimeparara kiasi cha kunasa nyuzi za kitambaa cha hariri. Siku moja mama wa bi harusi alinishika mkono kunisalimu, akaugeuza, akautazama, kisha akaniuliza kwa upole kama mikono hiyo ndiyo itakayomlainisha mwanawe.

Sikuwa na jibu. Nilimaliza kazi siku ile huku nikificha viganja kila nilipopata nafasi, nikarudi nyumbani Langoni nimeazimia kujua kwa nini ngozi ya mtu anayeshinda na mafuta mikononi inaweza kukauka namna ile.

Wageni hushangaa wakiambiwa kwamba ngozi hukauka Lamu, mahali ambapo hewa ina unyevu wa kugandisha chumvi ndani ya kopo. Wao hudhani ngozi kavu ni maradhi ya Nairobi wakati wa baridi ya Julai. Lakini mtu wa hapa huoga mara mbili au tatu kwa siku kwa sababu ya joto, na kila anapooga sabuni huondoa sehemu ya mafuta ambayo ngozi imejitengenezea yenyewe. Akiogelea au akirudi kuvua, chumvi hubaki mwilini ikikauka na kuivuta ngozi. Kisha jua la kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, humalizia lililobaki. Hewa yenye unyevu haitoshi kurudisha kile kinachooshwa kila siku.

Bibi yangu mzaa mama wakati huo alikuwa amepindukia miaka 80, na visigino vyake havikuwa na ufa hata mmoja. Yeye alitumia mafuta ya nazi tu, tena ya kutengeneza mwenyewe: nazi ikunwe, tui likamuliwe, lichemshwe polepole hadi maji yaishe na mafuta yatengane na mashapo yake ya kahawia, ambayo sisi watoto tuliyagombania kwa sukari. Kila alipotuona tukijipaka alirudia neno lake moja kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu: "Mayi kwanda, mafuta nyuma," yaani maji kwanza, mafuta baadaye. Mimi nilidhani anazungumzia usafi, yaani mtu asipake mafuta juu ya jasho. Kwa hiyo niliitikia, "Naam, bibi," na nikaendelea kujipaka saa yoyote niliyokumbuka, ngozi ikiwa kavu kama ukuta. Ilinichukua miaka kufahamu kwamba alikuwa akinieleza kanuni nzima ya jambo hili kwa maneno manne.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa kununua losheni dukani. Chupa ilikuwa na picha ya kokwa zilizopasuliwa na maneno makubwa ya kuisifu shea, mafuta ya kokwa za mti wa nyikani, nami niliitumia kwa miezi miwili kwa uaminifu wa mtu aliyetoa shilingi 650. Ilinukia vizuri sana. Mikono ilibaki vilevile. Nilipomlalamikia mfamasia mmoja ninayefahamiana naye, hakuniambia kwamba shea haifai, bali aliigeuza chupa na kunionyesha maandishi madogo ya nyuma, ambayo sikuwahi kuyasoma kwa sababu nilidhani yameandikiwa wataalamu.

Alinieleza kwamba viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito hadi kilicho kidogo, isipokuwa vile visivyofika asilimia 1, ambavyo mtengenezaji anaweza kuvipanga apendavyo mwishoni. Shea huandikwa kwa jina la Kilatini, Butyrospermum parkii, ambalo ni jina la zamani linalomkumbuka Mungo Park, msafiri wa Uskoti aliyeueleza mti huo katika safari yake ya kwanza ya mto Niger kati ya 1795 na 1797. Wataalamu wa mimea siku hizi huuita Vitellaria paradoxa, lakini vibandiko vya chupa vimeng'ang'ania jina la kale. Katika losheni yangu, jina hilo lilikuja baada ya manukato na baada ya fenoksiethanoli, kihifadhi ambacho kwa kawaida hakizidishwi asilimia 1. Maana yake ni kwamba shea niliyoilipia ilikuwa chini ya gramu moja katika kila gramu 100. Picha ya kokwa ilikuwa na shea nyingi kuliko chupa yenyewe.

Shea halisi niliiona kwa mara ya kwanza kupitia shoga yangu, mwalimu aliyezaliwa kaskazini mwa Uganda na kuja kufundisha huku kwetu. Aliporudi likizo aliniletea kopo la mafuta ya rangi ya maziwa mgando, laini, yenye harufu ya moshi na karanga zilizoungua kidogo. Kwao, kwa Kiacholi, huyaita moo yaa, na hupikiwa mboga, hupakwa watoto wachanga na hukandia viungo vya wazee. Mti wake haupandwi kama mnazi. Huota wenyewe katika ukanda wa nyika unaoanzia Senegali upande wa magharibi hadi Uganda na Sudan Kusini, na mtu akiotesha mbegu leo anaweza kungoja miaka 15 au 20 kabla ya kuona tunda. Ndiyo sababu shoga yangu husononeka akieleza jinsi miti hiyo inavyokatwa kwa ajili ya makaa. Mnazi hutusamehe haraka kuliko mti ule.

Alinisimulia pia kazi ya kuyapata mafuta yenyewe, na tangu siku hiyo sijaweza kuyaita ghali. Wanawake huokota matunda yaliyoanguka, huondoa nyama yake tamu, huchemsha kokwa, huzianika, huzipasua, huzikaanga na kuzisaga hadi ziwe uji mzito kama wa kakao. Uji huo hutiwa maji na kupigwa kwa mkono muda mrefu mpaka mafuta yapande juu kama povu jeupe. Povu huoshwa, huchemshwa maji yatoke, huchujwa, kisha huachwa yagande. Mtu aliyewahi kukamua tui la nazi kumi anaweza kukisia maumivu ya mabega, lakini hajafika hata nusu ya safari. Na baada ya jasho lote hilo, sehemu kubwa ya shea inayosafirishwa kutoka Afrika Magharibi haiingii katika losheni kabisa, bali huenda kwenye viwanda vya chokoleti.

Kuna jambo ambalo wenzangu wa Lamu hulipenda nikilisimulia. Ibn Battuta, yule mwanachuoni wa Tanja aliyepita pwani yetu ya Afrika Mashariki mwaka 1331 na kufika Mombasa na Kilwa, alikwenda pia Mali miaka ishirini na kitu baadaye, na huko akaeleza tunda aliloliita gharti, ambalo kokwa yake hutoa mafuta. Aliandika kwamba watu wa huko huyapikia, huyawashia taa, hujipaka mwilini, na huyachanganya na udongo kupaka nyumba zao kama chokaa. Wengi husadiki kwamba gharti ndiyo shea. Hilo la kupaka nyumba halikunitoka akilini, kwa sababu ndilo lililonisaidia kufahamu ngozi.

Tabaka la juu kabisa la ngozi linafanana na ukuta wa nyumba zetu za zamani za Mkomani. Mawe ya matumbawe ni seli zilizokwisha kufa na kukauka, na kinachozishika pamoja ni mafuta ya asili ya ngozi, mfano wa chokaa. Chokaa ikiwa nzima, unyevu wa ndani haupotei na uchafu wa nje hauingii. Sabuni, chumvi na maji mengi huila chokaa hiyo kidogo kidogo mpaka nyufa zionekane. Mafuta ya shea kazi yake ya kwanza ni kuingia katika nyufa hizo na kulainisha kingo za seli zilizoinuka, na ya pili ni kuweka utando mwembamba juu yake ili maji yaliyomo yasitoroke upesi. Hayaleti maji. Fundi akipaka chokaa juu ya ukuta uliokauka kabisa bila kuulowesha, chokaa hubanduka, na kila fundi wa Lamu anajua hilo. Bibi alikuwa akinieleza jambo hilohilo tangu utotoni.

Niligundua kwa kosa langu mwenyewe. Nilipopewa lile kopo, nilijipaka kwa pupa adhuhuri ya Februari, mikono na miguu ikiwa mikavu, kisha nikavaa buibui na kwenda Mkomani kumwona mteja. Kabla sijafika msikiti wa pili nilikuwa nanata kama kaimati iliyozidi shira, vumbi la vichochoroni limenishika miguuni, na ndani ya mafuta yale ngozi bado ilikuwa inavuta. Nilikaribia kumrudishia shoga yangu kopo lake. Usiku ule niliosha miguu, na kabla sijaifuta vizuri mwanangu akalia, nikachukua mafuta kidogo, kiasi cha punje ya mtama, nikayapaka haraka juu ya ngozi yenye umajimaji na kumkimbilia. Asubuhi miguu ilikuwa laini. Hapo ndipo maneno manne ya bibi yalipopata maana, nami nikacheka peke yangu jikoni.

Kwa nini basi nisibaki na shea tupu, nikahangaika na losheni? Sababu ni kwamba losheni hubeba maji yake yenyewe. Ndani ya chupa moja kuna maji yanayolowesha, gliserini inayoyavuta na kuyashika maji hayo ndani ya ngozi, na shea inayoyafunika. Mtu anayenawa mara ishirini kwa siku hawezi kungoja kuoga ili ajipake, na shea tupu humwachia mikono yenye utelezi ambayo haiwezi kushika koni ya hina. Losheni huenea kwa urahisi, huzama upesi, na kwa joto letu hilo si jambo dogo. Wakati wa usiku, kwenye visigino na viwiko, shea tupu bado inashinda.

Shea ina sifa inayoitofautisha na mafuta mengine, nayo inatokana na jinsi ilivyoumbwa. Sehemu yake kubwa ni asidi mbili za mafuta: oleiki, ileile iliyojaa katika mafuta ya zeituni, na steariki, ambayo huyapa mafuta ugumu. Kwa sababu hiyo hukaa yameganda kwenye kopo lakini huyeyuka yakisuguliwa kiganjani. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, kwa hiyo hapa Lamu karibu mwaka mzima ni maji, hutiririka na kupotea kwenye shuka. Zaidi ya hayo, ukiyapika mafuta ya shea kwa magadi makali kutengeneza sabuni, asilimia kadhaa hukataa kugeuka sabuni, ilhali mafuta mengi ya kula huwa na sehemu hiyo chini ya asilimia 2. Katika sehemu hiyo inayokataa ndimo vilivyo vitamini E na viambato ambavyo wataalamu huvihusisha na kutuliza wekundu na muwasho. Mafuta yaliyosafishwa kiwandani yakawa meupe na yasiyo na harufu hupoteza baadhi ya vitu hivyo. Mimi huvumilia harufu ya moshi kwa ajili hiyo, ingawa wifi yangu husema nikipita chumbani ni kama mtu ametoka kubanika mahindi.

Si shea zote ni moja pia. Ile ya Uganda ina oleiki nyingi zaidi, kwa hiyo ni laini, na kwenye kabati langu mwezi wa Machi huwa nusu maji. Baadaye nilipata ya Ghana kupitia mfanyabiashara wa Mombasa, nayo ilikuwa ngumu kiasi cha kuichonga kwa kijiko. Kwa losheni ya mikono naipenda zaidi ya Uganda. Kwa visigino, ya Ghana.

Nilipoamua kutengeneza losheni yangu, niliharibu vya kutosha kabla ya kupatia. Mara ya kwanza nilitumia maji ya mfereji, nayo yale maji yenye chumvi na mafuta hayakukubaliana. Kufikia alfajiri yalikuwa yameachana, mafuta juu na maji chini, kama wapangaji waliogombana. Mara ya pili nilitumia marashi ya mawaridi yaliyochemshwa, nikajisifu kwamba sitii kemikali yoyote, nikawagawia ndugu na jirani. Wiki ya pili jirani mmoja alinirudishia chupa bila kusema neno, na ndani yake kulikuwa na madoa meusi ya ukungu. Aibu ile ilinifundisha kwamba mafuta peke yake yanaweza kukaa miezi bila kuota kitu, lakini mara tu yanapochanganywa na maji, vijidudu vimepewa nyumba na chakula, na losheni isiyo na kihifadhi ni chakula kilichosahauliwa nje ya friji. Tangu hapo neno "asilia tupu" kwenye chupa ya losheni hunifanya niulize maswali badala ya kufungua pochi.

Sasa katika kila gramu 100 natia gramu 71 za maji yaliyosafishwa, 4 za gliserini, 10 za shea, 8 za mafuta ya nazi, 6 za nta maalumu inayounganisha maji na mafuta, na 1 ya kihifadhi. Maji na gliserini hupashwa moto kwenye chombo kimoja, mafuta na nta kwenye kingine, vyote hadi nyuzi 70 hivi, kisha humiminwa pamoja na kupigwa mpaka yageuke meupe na mazito. Kihifadhi huingia mwisho, joto likishuka chini ya nyuzi 40, kwa sababu vingine huharibika kwa moto. Napima kwa mizani ndogo ya sonara na wala sikadirii kwa kijiko. Mtu atakayeniambia kwamba bibi zetu hawakupima, nitamjibu kwamba bibi zetu hawakuchanganya mafuta na maji.

Tatizo jingine lilikuwa chenga. Kopo la shea tupu likiachwa karibu na dirisha huyeyuka mchana na kuganda tena usiku polepole, na katika kuganda huko sehemu zake ngumu hutangulia na kufanya punje kama chenga za mchele. Nilidhani nimeuziwa mafuta yaliyoharibika, nikamfokea mfanyabiashara wa Mombasa kwa simu bila kosa lolote, jambo ambalo nililiombea radhi baadaye. Dawa yake ni kuyayeyusha yote kabisa kwa moto mdogo na kuyatia kwenye friji yagande upesi. Ubora haupotei, ni kero ya vidole tu.

Faida iliyonigusa zaidi ni ya mwanangu wa pili. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu alishikwa na pumu ya ngozi kwenye mikunjo ya viwiko na magoti, akawa anajikuna usiku mpaka damu. Kwa kujiamini kwangu nilimtengenezea losheni ya shea na kuitia mafuta ya asumini ili anukie, na ndani ya siku mbili mikunjo ikawa myekundu zaidi. Daktari hakunilaumu, lakini alinieleza wazi kwamba manukato ni adui wa ngozi ya namna ile, hata yakiwa yametokana na ua la uani kwangu. Alimwandikia krimu ya dawa ya kutumia kipindi maradhi yanapowaka, na akanielekeza kumwogesha kwa muda mfupi katika maji ya uvuguvugu, kumfuta kwa kumgusagusa bila kumsugua, na kumpaka losheni isiyo na harufu ndani ya dakika tatu. Nilipofuata, vipindi vya kuwaka vilipungua na vikawa vifupi. Shea haikumponya. Iliweka ngozi yake katika hali ambayo dawa ilihitajika mara chache, na kwa mama aliyekesha miezi mingi akishika mikono ya mtoto asijikune, hilo lilitosha kunitoa machozi.

Katika kazi yangu, losheni hii imebadilisha mpangilio wa siku za bi harusi. Zamani nilimpaka mafuta kabla ya hina ili ngozi ilainike, na nikashangaa kwa nini rangi inatoka hafifu. Mafuta huzuia rangi kuingia, kwa hiyo siku moja kabla ya hina simpaki chochote pale patakapochorwa. Singo hufanywa mapema. Liwa, karafuu na mawaridi huondoa ngozi iliyokufa, na anaposuuzwa, kabla ya kukauka, ndipo losheni ya shea inapopakwa kuanzia mabegani kushuka chini. Hina ikishabanduliwa na kupita usiku mzima bila maji, basi shea tupu kidogo juu ya maua hulinda rangi anapooga, kwa kuwa rangi ya hina inakaa katika lile tabaka la juu la ngozi na huondoka nalo linapopukutika. Ngozi kavu hupukutika viraka viraka, na ua zuri likawa kama limeliwa na mchwa. Ama waliounguzwa na piko, ile rangi nyeusi ya nywele inayochorwa kama hina, hao siwapaki kitu. Nawapeleka hospitali.

Mume wangu, ambaye ni nahodha wa mashua, alikataa jambo hili kwa miaka mitatu akisema ni mambo ya wanawake, mpaka magaga ya visigino yalipomzuia kukanyaga sitaha ya moto. Kwake nilijifunza kwamba shea juu ya chumvi ni kazi bure: lazima miguu isuuzwe kwa maji yasiyo ya bahari kwanza, ikae ndani ya beseni robo saa, isuguliwe kwa jiwe, kisha ipakwe shea nzito na kuvikwa soksi hadi asubuhi. Baada ya wiki tatu nyufa zilifunga. Hajawahi kukiri mbele ya wenzake, ila kopo la Ghana huisha haraka kuliko ninavyotumia mimi.

Yapo pia niliyoahidiwa kuhusu shea ambayo sikuyaona. Niliipaka tumboni kila siku ya mimba yangu ya tatu ili kuzuia michirizi, na michirizi ilikuja kwa wakati wake, pengine ikiwasha kidogo kuliko ya mimba zilizotangulia. Huambiwa pia kwamba inazuia jua. Uwezo wake wa kulizuia ni mdogo mno, na kwa jua la Lamu saa saba mchana mtu asiutegemee. Kofia, buibui na kivuli cha baraza vina kazi zaidi. Usoni mimi siitumii kwa sababu ngozi yangu ya uso ina mafuta na huota chunusi, ingawa dada yangu hupaka yake kila usiku na uso wake ni safi. Mwenye mzio wa karanga au korosho namshauri ajaribu kidogo ndani ya mkono na angoje siku moja, kwani hiyo nayo ni kokwa.

Mikono yangu ilichukua takriban wiki sita kupona, tena si kwa losheni pekee bali kwa kupunguza sabuni kali na kuvaa glavu wakati wa kuosha vyombo. Chupa iko karibu na karo, nyingine karibu na meza ya hina, na ya tatu kwenye mkoba. Nikiinyanyua mikono kutoka majini, naikung'uta mara moja na kujipaka kabla haijakauka.

Bibi alikaa muda mrefu akiitazama biashara yangu kwa jicho la pembeni. Kwake, kuacha nazi iliyo mlangoni na kuagiza mafuta ya nchi ya mbali kulikuwa ni ubishi wa vijana. Ramadhani moja, wakati kusi imeanza kuvuma, alimtuma kitukuu wake kwangu na kikopo kitupu cha halua kilichooshwa, pamoja na ujumbe kwamba nimtilie "yale mafuta yenu ya moshi, lakini utie na nazi, yasinichome pua." Nilimyeyushia sehemu mbili za shea na moja ya nazi. Kesho yake kikopo kilirudi na mtoto yuleyule: kimeganda mno, bibi anasema vidole vyake havina nguvu ya kukwangua. Nikaongeza nazi ikawa nusu kwa nusu, na tangu hapo ndivyo ninavyompelekea kila msimu wa kusi, na kaskazi inaporudi namrudishia mbili kwa moja.